Kusimamia Maisha ya Toleo la Simu Janja Dukani: Mwongozo kwa Wafanyabiashara wa Kigoma

Kila toleo la simu janja linaloingia dukani Mwanga, Ujiji au Kasulu lina siku yake ya kuingia na siku yake ya kuondoka. Mfanyabiashara anayepoteza mtaji mara nyingi alichagua simu nzuri, ikamlipa, kisha akaendelea kuiagiza wakati wateja walikwisha kuhamia kwingine. Mwongozo huu unamhusu mwenye duka la rejareja mkoani Kigoma, mwenye mtaji wa kawaida, anayechukua mzigo Kariakoo na kuwauzia watumishi, wanafunzi, waendesha bodaboda, wakulima na wavuvi. Unaeleza namna ya kulisimamia toleo moja tangu kabla halijanunuliwa hadi wakati betri zake chakavu zinapotafutiwa mahali pa kwenda.

Wataalamu wa masoko huyagawa maisha ya bidhaa katika hatua nne: kuingia sokoni, kukua, kukomaa na kufifia. Theodore Levitt, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, alisisitiza mwaka 1965 kwamba mipango ya hatua za baadaye ifanywe kabla bidhaa haijaingia sokoni, na jambo hilo ndilo ninaloliona kuwa zito kuliko mengine yote kwa mwenye duka dogo. Hatua zenyewe hazina urefu mmoja. Nokia 1100 ilitoka mwaka 2003, ikauzwa zaidi ya simu milioni 250 duniani, kwa sababu ilikuwa na tochi, ilihimili vumbi na chaji yake ilidumu. Kwa upande mwingine, Samsung Galaxy Note 7 iliingia sokoni Agosti 2016 na kufikia Oktoba mwaka huohuo ilikuwa imeondolewa kabisa kwa sababu ya betri zilizoshika moto. Simu janja za bei nafuu tunazouza sisi ziko katikati ya mifano hiyo miwili, na nyingi hupata mrithi wake kutoka kiwandani katika muda wa mwaka mmoja hivi.

Hatua ya kwanza: Ijue kalenda ya fedha ya wateja wako

Kiwanda huhesabu maisha ya simu tangu siku ya uzinduzi. Dukani kwako hesabu inategemea siku ambazo wateja wana fedha mkononi, na Kigoma siku hizo hazifuati wiki.

Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Tanganyika hufanya kazi kwa taa usiku wa giza, na mwezi unapokuwa mpevu wengi hupumzika kwa sababu taa haziwavuti dagaa vizuri. Kwa hiyo fedha ya Kibirizi, Katonga na vijiji vya mwambao hupanda na kushuka kwa kufuata mwezi. Mwenye duka asiyelijua hilo huona mauzo yameporomoka katika wiki ya mbalamwezi, akadhani toleo limechoka, akalishusha bei bila sababu. Kisha giza linarudi, wavuvi wanakuja mjini na fedha, na yeye amekwisha kuiachia faida yake. Kanuni ni kulinganisha giza na giza, na mbalamwezi na mbalamwezi. Kulinganisha wiki hii na wiki iliyopita hakukuambii lolote la kuaminika.

Juu ya mzunguko huo wa mwezi yako mambo makubwa zaidi. Mwaka 2024 shughuli za uvuvi katika Ziwa Tanganyika zilisimamishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti ili samaki wazaliane, na kila mwenye duka anayewategemea wavuvi anapaswa kufuatilia matangazo ya Serikali kuhusu jambo hilo kabla ya kuagiza mzigo wa katikati ya mwaka. Mishahara ya watumishi huingia mwishoni mwa mwezi. Mauzo ya kahawa ya Buhigwe na Kasulu huleta fedha kwa msimu wake, na mahindi na maharage hali kadhalika. Chukua daftari, chora miezi 12, na uandike katika kila mwezi ni kundi gani la wateja litakuwa na fedha na ni lipi halitakuwa nayo. Kazi hiyo ni ya jioni moja, lakini maamuzi yote yanayofuata yataiegemea.

Pima pia safari ya mzigo. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914 na bado ni tegemeo la mizigo mingi, lakini kipande cha kati ya Kilosa na Gulwe kimekuwa kikiathiriwa na mafuriko mara kwa mara, na mabasi nayo huchelewa wakati wa mvua. Usihesabu siku za safari peke yake. Hesabu tangu siku unapotuma fedha hadi siku boksi la kwanza linapowekwa kwenye kabati la kioo, na ufanye hesabu moja ya kiangazi na nyingine ya masika.

Hatua ya pili: Lichunguze toleo na uandike masharti ya kuliacha

Kabla ya kununua simu hata moja, tafuta tarehe ambayo toleo lilitangazwa na kiwanda. Simu mpya Kigoma huenda ikawa ya zamani Kariakoo. Ikiwa toleo lina miezi minane tangu lizinduliwe na mtangulizi wake alidumu mwaka mmoja, basi unanunua miezi minne ya mwisho ya maisha yake, na bei ya jumla unayopewa inapaswa kulionyesha hilo. Msambazaji anayekupunguzia bei ghafla, au anayekuongezea simu mbili juu ya kila kumi, mara nyingi anasafisha stoo yake.

Angalia mambo ya ndani yanayoamua simu itatumika kwa muda gani. Mfumo wa Android 13, katika toleo lake jepesi la Go, ulipandisha kiwango cha chini cha RAM, yaani kumbukumbu ambayo simu hufanyia kazi, hadi GB 2, na programu zimeendelea kuwa nzito tangu wakati huo. Simu yenye RAM ya GB 2 inauzwa leo ikiwa tayari iko ukingoni. Fungua mipangilio, uingie sehemu ya kuhusu simu, usome tarehe ya sasisho la mwisho la usalama. Ikiwa simu ni mpya lakini sasisho lake la mwisho lina umri wa mwaka mzima, kiwanda kimekwisha kulisahau toleo hilo. Mteja wako huenda asiulize kuhusu sasisho, lakini ataulizia WhatsApp, na WhatsApp yenyewe iliacha kufanya kazi katika simu za Android zilizo chini ya toleo la 5.0 mwanzoni mwa mwaka 2025.

Umoja wa Ulaya umeweka kipimo kinachoweza kukusaidia ingawa sheria yake haifiki kwetu. Tangu tarehe 20 Juni 2025 simu mpya zinazoingizwa katika soko lao zinatakiwa ziwe na betri inayobakiza angalau asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko 800 ya kuchaji, na zipate masasisho ya mfumo kwa angalau miaka mitano tangu toleo lilipoacha kuuzwa. Unapolinganisha matoleo mawili ya bei moja, uliza ni lipi linauzwa pia katika nchi hizo. Sikusema kwamba hilo litakuwa bora kila mara, lakini walau utajua kwamba kuna mahali limewekewa masharti.

Kwa Kigoma ongeza maswali ya kwetu: je, inapokea laini mbili, kwa kuwa wateja wengi wa mpakani wana laini ya hapa na ya Burundi au Kongo? Je, redio yake inafanya kazi vizuri, na sauti ya spika inasikika ufukweni penye injini za boti? Je, fundi wa Mwanga anaweza kupata kioo chake, au kitaagizwa mpaka Dar es Salaam?

Sasa andika katika ukurasa wa toleo hilo masharti matatu ya kuliacha. La kwanza ni tarehe ya mwisho ya kuagiza, ambayo huhesabiwa kwa kuchukua muda unaotarajia mrithi atoke, kisha kutoa safari ya mzigo na muda wa kumaliza mzigo wa mwisho. La pili ni kiwango cha mauzo ambacho yakishuka chini yake huagizi tena. La tatu ni bei ya chini kabisa utakayokubali katika siku za kumalizia. Yaandike kwa kalamu, siku hiyo hiyo, kabla hujaipenda simu. Mtu aliyekwisha kupata faida kwenye toleo fulani hulitetea kupita kiasi, na daftari ndilo litakalomkumbusha alichokubali akili yake ilipokuwa tulivu.

Hatua ya tatu: Ingiza mzigo mdogo na uukague boksi kwa boksi

Everett Rogers, mwanasosholojia wa Marekani aliyechunguza namna mambo mapya yanavyoenea, alieleza mwaka 1962 kwamba wanaotangulia kabisa kukipokea kitu kipya ni kama asilimia 2.5 ya watu, wakifuatiwa na asilimia 13.5 wanaowahi, kisha makundi mawili makubwa ya asilimia 34 kila moja, na mwishoni asilimia 16 wanaochelewa. Katika mzigo wa kwanza unawauzia makundi mawili ya mwanzo tu, nao ni wachache. Simu tano hadi nane zinatosha. Wateja hao hawasumbui kuhusu bei kama watakavyosumbua wa baadaye, kwa hiyo usianze kwa kupunguza. Waulize badala yake, baada ya wiki mbili, chaji inadumu vipi na mtandao unashika vipi huko wanakokaa. Majibu yao ndiyo yatakayokuambia kama kuna mzigo wa pili.

Ukaguzi ufanyike siku ile ile mzigo unapofika. Toa boksi moja, uliweke chini ya taa, na utazame kibandiko cha nyuma: kuna namba za IMEI, yaani namba za utambulisho wa simu, tarakimu 15 kila moja, na simu ya laini mbili huwa na IMEI mbili. Washa simu, piga *#06#, na usome namba zinazotokea kwenye skrini moja baada ya nyingine ukizifuata kwa kidole kwenye kibandiko. Zikitofautiana hata tarakimu moja, simu hiyo irudi ilikotoka. Zikilingana, tuma IMEI kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, huduma ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na ulinganishe jibu na jina la toleo lililoandikwa kwenye boksi. Wanaokumbuka usiku wa tarehe 16 Juni 2016, simu bandia zilipozimwa nchi nzima, wanajua kwa nini kazi hii haifanywi kwa sampuli.

Nakili IMEI zote kwenye ukurasa wa toleo, na ukiuza andika pembeni namba ya simu ya mnunuzi kwa ridhaa yake pamoja na namba ya risiti ya EFD, mashine ya risiti za kodi. Kumbuka kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inakuhusu na wewe, kwa hiyo daftari hilo lisiwe juu ya kaunta likisomwa na kila mpita njia. Orodha hiyo itakusaidia katika dhamana, na siku kiwanda kitakapotangaza hitilafu kubwa kama ile ya Note 7, utaweza kuwapigia wateja wako wote kabla ya jua kuzama.

Hatua ya nne: Toleo likikolea, usiishiwe na usijaze

Utajua toleo limekolea mteja anapoingia na kulitaja kwa jina bila kuangalia kabati. Hatari ya wakati huu ni mbili: kuishiwa mzigo katikati ya giza, na kuagiza kwa pupa.

Tumia hesabu rahisi ya kiwango cha kuagiza. Tuseme katika wastani wa mwezi mzima unauza simu tano kwa wiki, na mzigo huchukua wiki mbili tangu kutuma fedha hadi kufika. Weka akiba ya wiki moja ya mauzo kwa ajili ya ucheleweshaji. Tano mara tatu ni 15: simu zikibaki 15, agiza. Wakati wa masika, ikiwa safari huchukua wiki tatu, kiwango kinapanda hadi 20. Na kiasi cha kuagiza kisizidi mauzo ya wiki sita, hata kama msambazaji anakupa punguzo la kuvutia, kwa sababu punguzo hilo linaweza kuliwa lote na simu chache zitakazododa.

Vifaa vya pembeni vina maisha yao. Kava hununuliwa zaidi siku simu inaponunuliwa, kwa hiyo ziagizwe kwa uwiano na simu na zikome pamoja nazo. Protekta huvunjika na kubadilishwa, hivyo zinaendelea kuuzwa mwaka mmoja na zaidi baada ya simu yenyewe kuondoka kabatini.

Hatua ya tano: Toleo likikomaa, linda faida kwa huduma

Hapa kila duka kuanzia Mwanga hadi Mwandiga lina simu hiyo, na mteja ameshauliza bei mahali pengine kabla ya kufika kwako. Ukishindana kwa bei peke yake utashindwa na mwenye mtaji mkubwa. Unachoweza kushindana nacho ni dhamana inayoheshimiwa, risiti halali, kumhamishia mteja majina na picha kutoka simu ya zamani, na kumwekea protekta mbele yake bila malipo. Punguza bei kidogo ikibidi, lakini usiwe wa kwanza kupunguza.

Huu pia ndio wakati wachuuzi wa vijiji vya ziwani huja kuomba mali kauli, yaani kuchukua simu sasa na kulipa baada ya kuuza. Biashara hiyo ni nzuri na imewafikisha wengi mbali, ila ina hesabu yake: simu iliyoko Kalya kwa mali kauli inaendelea kuzeeka kama iliyoko kabatini kwako, na wewe huioni. Mpe mchuuzi simu zisizozidi alizouza katika safari yake iliyopita, andika tarehe ya kurudisha fedha au simu, na uhakikishe tarehe hiyo inatangulia tarehe ya mwisho ya kuagiza uliyoandika katika hatua ya pili. Simu za mali kauli zikirudi baada ya toleo jipya kufika, hasara ni yako, hata kama mchuuzi ni mwaminifu kiasi gani.

Simu ambazo hazijauzwa zitunzwe vizuri. Betri za lithiamu huchakaa kwa joto, na duka la bati lisilo na dari mchana wa Septemba halifai kuwa stoo. Ziweke mahali penye ubaridi na hewa, zikiwa zimezimwa na zina chaji kama nusu, na zile zilizokaa muda mrefu ziwashwe na kuongezewa chaji kila baada ya miezi michache. Betri iliyoachwa ikaisha kabisa ndani ya boksi inaweza kukataa kuchaji siku mteja anapoifungua.

Hatua ya sita: Acha kuagiza kabla ya wateja kukuacha

Hii ndiyo hatua inayoamua faida ya toleo zima, na ndiyo inayoahirishwa kuliko zote.

Dalili huonekana mapema kwa anayezitafuta. Wateja huanza kuuliza kama mpya yake imetoka. Bei ya jumla Kariakoo inashuka mara mbili mfululizo bila sababu ya msimu. Msambazaji aliyekuwa akidai fedha taslimu anaanza kukubembeleza uchukue kwa mali kauli. Vioo vya simu hiyo vinajaa kwa mafundi. Dalili moja peke yake haitoshi, lakini mauzo ya giza mbili mfululizo yakiwa chini ya theluthi mbili ya giza lililokuwa bora zaidi, acha kuagiza siku hiyo, hata kama bado unaipenda simu hiyo na hata kama umebakiwa na simu tatu tu. Ni afadhali wateja wachache wa mwisho wakikosa.

Kisha zipangie bei upya simu zilizobaki. Wengi hukwama hapa kwa kusema, «Mimi nilinunua laki mbili na nusu, siwezi kuuza laki mbili na ishirini.» Bei uliyonunulia haimhusu mteja, na haibadilishi bei ya leo ya sokoni. Swali la kujiuliza ni hili: fedha nitakayopata leo kwa simu hii itanizalishia nini kuliko simu yenyewe ikikaa?

Tuchukue mfano. Ulinunua simu 20 kwa shilingi 250,000 kila moja, mtaji wa shilingi 5,000,000, ukauza 16 kwa shilingi 285,000. Faida ya 16 hizo ni shilingi 560,000. Zimebaki nne. Ukiziuza sasa kwa shilingi 220,000 unapoteza shilingi 30,000 kwa kila moja, jumla shilingi 120,000, na faida ya toleo inabaki shilingi 440,000. Ukingoja miezi sita hadi bei ifike shilingi 170,000, unapoteza shilingi 80,000 kwa kila simu, jumla shilingi 320,000, na faida inabaki shilingi 240,000. Lakini tofauti haiishii hapo. Shilingi 880,000 ulizopata mapema zinanunua simu tatu za toleo jipya zenye faida ya shilingi 35,000 kila moja, na mtaji huo ukizunguka mara tatu ndani ya miezi sita unaleta shilingi 315,000 nyingine. Aliyengoja amepoteza vyote viwili, na kwa kawaida hataiona hasara ya pili kwa sababu haikuandikwa popote.

Punguzo lifanywe mara moja na liwe la kuonekana. Kushusha shilingi 5,000 kila wiki humfundisha mteja kungoja. Chagua wakati wa giza au mwisho wa mwezi, tangaza bei, ongeza kava zilizobaki kama zawadi, na upeleke taarifa kwa wachuuzi wa vijijini, ambako lile kundi la mwisho la Rogers bado halijanunua. Kwa mteja wa Sibwesa anayetoka kwenye simu ya batani, toleo la mwaka jana lenye chaji ya kudumu ni simu mpya na nzuri. Mwambie ukweli kwamba mrithi wake ametoka na kwamba masasisho hayatadumu muda mrefu. Akiamua kununua, anunue akijua.

Hatua ya saba: Wahudumie walionunua

Toleo likitoka kabatini, simu ulizouza bado ziko mikononi mwa watu kwa miaka kadhaa. Kabla njia za kuagiza hazijafungwa, nunua akiba ya vioo, mifumo ya chaji na betri kwa idadi inayolingana na IMEI zilizomo kwenye daftari lako. Duka lililouza simu 100 na lisilo na kioo hata kimoja limewatupa wateja wake. Kubaliana na fundi mmoja unayemwamini ili dhamana na matengenezo yafanyike mahali panapojulikana.

Betri ndiyo hufa kwanza. Simu yenye betri iliyovimba huonekana upande: mfuniko wa nyuma umeachana na fremu kwa upana wa ukucha, na simu ikiwekwa mezani inayumba. Mteja asishauriwe kuibonyeza irudi, na fundi asiitoboe wala kuipinda. Izimwe, isichajiwe tena, iwekwe mbali na vitu vinavyoshika moto, na betri ibadilishwe na mtu mwenye vifaa.

Ukipokea simu ya zamani kama sehemu ya malipo ya mpya, hakikisha mwenye simu anaonyesha kitambulisho na ikiwezekana risiti yake, na uilinganishe IMEI na maelezo yake, maana simu za wizi husafiri mbali. Mwombe aondoe akaunti yake ya Google yeye mwenyewe, kisha futa kila kitu mbele yake kwa kuirudisha simu katika hali ya kiwandani. Simu iliyorudishwa hivyo bila akaunti kuondolewa inaweza kujifunga, na mnunuzi wa pili hataifungua bila mwenye akaunti.

Zisizofaa kuuzwa tena zipewe fundi kwa ajili ya vipuri. Kinachobaki, hasa betri, kisichomwe wala kutupwa kwenye jalala au ziwani. Tanzania ina kanuni za taka za vifaa vya umeme na kielektroniki za mwaka 2021, na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, ndilo la kuulizwa kuhusu wakusanyaji wenye vibali. Wakati unasubiri, tenga ndoo yenye mchanga mkavu, ziba ncha za kila betri kwa utepe wa plastiki, na uzipange zisigusane. Maji ya kunywa ya watu wengi wa mwambao yanatoka katika ziwa hilo hilo, na mimi naona jambo hili kuwa ni sehemu ya kazi ya duka kama kufungua mlango asubuhi.

Hatua ya nane: Funga ukurasa wa toleo

Simu ya mwisho ikiuzwa, kaa na daftari siku hiyo au kesho yake. Andika tarehe ya kuingia na ya kuondoka, idadi iliyonunuliwa, iliyouzwa kwa bei kamili, iliyouzwa kwa punguzo, iliyorudishwa kwa ubovu, na iliyoko bado kwa mali kauli. Andika faida halisi baada ya kutoa nauli ya mzigo na simu zilizopata hitilafu. Kisha rudi kwenye masharti matatu uliyoyaandika katika hatua ya pili na uonyeshe kila moja lilifuatwa au lilivunjwa, na lilipovunjwa liligharimu shilingi ngapi. Idadi ya simu utakazoagiza katika mzigo wa kwanza wa toleo linalofuata itoke kwenye ukurasa huo, nao uwekwe alama ili uonekane haraka msambazaji atakapopiga simu kutoka Kariakoo.